Chrome, Edge, Firefox au Safari: kipi kinakukinga zaidi tundu la kumbukumbu linapogunduliwa?

Tarehe 9 Oktoba 2024 Mozilla ilitoa Firefox 131.0.2 ili kuziba tundu moja, CVE-2024-9680 (CVE ni orodha ya kimataifa ya matundu yaliyotangazwa). Wavamizi walikuwa wameshaanza kulitumia. Aliyefungua ukurasa wenye mtego hakuhitaji kubofya wala kupakua chochote. Ukurasa ukishafunguka, kazi imekwisha. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2023, picha ya WebP iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuvipenya Chrome, Edge na Firefox kwa mkupuo, kwa sababu vyote vilitegemea maktaba ileile ya libwebp kufungua picha hizo. Hilo lilipewa namba CVE-2023-4863.

Kila habari ya namna hii ikitoka, swali ni lilelile: nihame kivinjari? Kuhama kwa sababu ya tundu moja hakukusaidii, maana kesho zamu ni ya kile ulichohamia. Yanayofaa kulinganishwa ni mawili. Kwanza, tundu likishapenywa, zimebaki kuta ngapi kati ya mvamizi na faili zako? Pili, kiraka, yaani sasisho linaloziba tundu, kinachukua muda gani kufika kwenye kifaa chako wewe?

Tundu lenyewe, hatua kwa hatua

Vivinjari vyote vikubwa vimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C++. Katika lugha hiyo mwandishi wa programu ndiye anayeomba nafasi ya kumbukumbu, na ndiye mwenye wajibu wa kuiachilia kazi ikiisha. Chukua mfano wa kitu kimoja cha ukurasa, tuseme kinachopima muda wa mjongeo, kinachokalia baiti 96. Sehemu mbili za programu zina kielekezi, yaani anwani iliyohifadhiwa, kinachoonyesha hapo. JavaScript ya ukurasa inasababisha kitu hicho kifutwe, na msimamizi wa kumbukumbu anaandika kwamba baiti zile 96 ziko wazi. Sehemu ya kwanza imeshasahau kile kitu. Ya pili haikupata habari: kielekezi chake bado kinaonyesha anwani ileile.

Hapo mvamizi anaunda mamia ya safu za data zenye ukubwa wa baiti 96 kila moja, ili mojawapo iangukie kwenye nafasi ile iliyoachwa. Katika kompyuta ya biti 64, baiti 8 za mwanzo za vitu vingi vya C++ huwa ni anwani ya jedwali linaloonyesha kitendaji gani kiitwe. Sasa baiti hizo 8 zimeandikwa na mvamizi. Sehemu ile ya pili inapokumbuka kukitumia kitu chake, kichakataji kinaruka kwenda alikotaka mvamizi. Kosa la aina hii, la kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, ndilo lililokuwa kwenye Firefox mwaka 2024.

La libwebp lilikuwa la aina nyingine, kufurika kwa bafa. Wakati wa kufungua picha, maktaba ilitenga nafasi ya majedwali ya Huffman (ya kufungulia data iliyobanwa) kwa kudhani kwamba misimbo iliyomo kwenye faili ni halali. Faili iliyoharibiwa kwa makusudi ilizalisha jedwali kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, na ziada ikaandikwa juu ya data ya jirani.

Makosa haya si nadra. Mwaka 2020 mradi wa Chromium, msimbo wa wazi ambao Chrome na Edge hujengwa juu yake, ulichambua hitilafu zake 912 za ngazi ya juu na ya hatari kabisa tangu 2015, ukakuta takriban asilimia 70 zinatokana na usalama wa kumbukumbu, na kama nusu ya hizo ni za kutumia kilichokwisha kuachiliwa.

Usichague kivinjari kwa kuhesabu namba za CVE. Mozilla hukusanya makosa mengi ya kumbukumbu yaliyogunduliwa na wahandisi wake na kuyapa namba moja kwa kila toleo. Google nayo huyataja mengi yaliyopatikana kwa majaribio yake ya ndani kwa sentensi moja, bila namba kwa kila moja. Ukilinganisha jumla hizo unalinganisha utaratibu wa kuandika ripoti tu.

Kuta zilizobaki baada ya kupenywa

*Chrome na ndugu zake wa Chromium* (Edge, Brave, Opera, Vivaldi). Chrome ilianza mwaka 2008 ikiwa na kizimba tayari: msimbo unaosoma ukurasa hufanya kazi katika mchakato usioruhusiwa kugusa faili zako moja kwa moja. Mvamizi akiteka mchakato huo bado yumo ndani ya kizimba, na anahitaji tundu la pili ili atoke. Chrome 67 ya mwaka 2018 iliongeza utenganishaji wa tovuti kwenye kompyuta, ili ukurasa mbovu usikae mchakato mmoja na ukurasa wa benki yako. Kwenye Android ulifika na Chrome 77 mwaka 2019, lakini kwa masharti: simu iwe na RAM ya GB 2 au zaidi, na zilizotenganishwa zilikuwa tovuti ambazo mtumiaji huingia kwa nenosiri. Mwenye simu ndogo alibaki bila ukuta huo, jambo ambalo matangazo ya usalama hayalisemi kwa sauti.

Silaha ya Chromium tunayoithamini zaidi ni MiraclePtr, iliyowashwa mwaka 2022 kwenye Windows na Android. Inafanya kazi palepale kwenye hatua ya mvamizi kujaza nafasi iliyoachwa. Kila kitu kinachokingwa hubeba hesabu ya vielekezi vinavyokionyesha. Kikifutwa huku bado kuna kielekezi, nafasi yake hairudishwi sokoni: hujazwa baiti zisizo na maana na kuwekwa karantini hadi kielekezi cha mwisho kiondoke. Kielekezi kilichosahaulika kikiitwa, programu inaanguka badala ya kutekwa. Google ilikadiria kwamba MiraclePtr inazuia karibu nusu ya makosa ya aina hiyo katika mchakato mkuu, ule usio ndani ya kizimba. Gharama yake ni kumbukumbu: mchakato huo mkuu uliongezeka kwa asilimia 4.5 hadi 6.5 kwenye Windows. Tunaona ni bei halali.

*Firefox* ilishika njia ya kubadilisha lugha. Firefox 57 ya Novemba 2017 ilikuja na injini ya mitindo ya CSS iliyoandikwa kwa Rust, lugha ambayo kompaila yake hukataa msimbo wenye kielekezi kinachoishi kuliko kitu chake. Kwa maktaba ambazo haikuwezekana kuziandika upya, Firefox 95 ya Desemba 2021 ilileta RLBox: maktaba hugeuzwa kwanza kuwa WebAssembly, msimbo wa kati usiogusa kumbukumbu nje ya eneo lake, kisha kuwa msimbo wa mashine, ili hata ikifurika imwage ndani ya eneo lake pekee. Zilizoanza ni Graphite, Hunspell, Ogg, Expat na Woff2. Libwebp haikuwamo, na miaka miwili baadaye ndiyo iliyopasuka.

Utenganishaji wa tovuti Firefox iliupata mwishoni mwa 2021 kwenye kompyuta, miaka mitatu baada ya Chrome, na kwenye Android ulichelewa zaidi. Firefox 100 ya Mei 2022 ilifunga njia ya mchakato wa ukurasa kuita sehemu ya Windows inayoitwa Win32k, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa kutorokea kizimbani. Upungufu wake ni kwamba injini ya JavaScript na sehemu kubwa ya DOM (muundo wa vitu vya ukurasa) bado ni C++, na haina kinga ya vielekezi iliyoenea kama MiraclePtr. Kosa la 2024 lilikuwa kwenye C++ hiyohiyo, si kwenye Rust.

Chromium nayo imeanza kufuata njia ya Rust. Tangu Chrome 133 ya mwaka 2025, fonti za kurasa kwenye Linux, Android na ChromeOS husomwa na Skrifa, iliyoandikwa kwa Rust, badala ya FreeType.

*Safari* hutegemea sana chuma, yaani kichakataji cha kifaa chenyewe. Tangu vichakataji vya A12 vya mwaka 2018, vielekezi muhimu hutiwa sahihi, na anwani iliyoghushiwa hukataliwa inapokaguliwa. WebKit, injini ya Safari, pia hugawa kumbukumbu kwa aina: nafasi iliyoachwa na kitu cha aina fulani hutolewa tena kwa aina ileile tu, kwa hiyo ile mbinu ya kujaza safu za baiti 96 inakosa pa kuangukia. Mwaka 2025 simu za iPhone 17 zilikuja na ukaguzi wa alama za kumbukumbu ndani ya kichakataji chenyewe: kila kipande cha kumbukumbu kina alama, kielekezi kina alama, na zikitofautiana programu inasimamishwa papo hapo. Pale ambapo Safari imekuwa nyuma ni utenganishaji: kwa miaka mingi fremu ya tovuti nyingine iliyopachikwa ndani ya ukurasa ilikaa mchakato mmoja na ukurasa wenyewe.

| | Nguvu yake kubwa | Kiraka hufikaje | Kuzima JIT (imeelezwa chini) |
|---|---|---|---|
| Chrome | MiraclePtr, utenganishaji wa tovuti | Kila wiki, kukianzishwa upya | Ipo kwenye mipangilio ya tovuti |
| Edge | Kuta za Chromium pamoja na hali ya usalama ulioimarishwa | Baada ya Chromium, kwa kawaida siku chache | Ipo, nyepesi kuwasha |
| Firefox | Rust na RLBox | Kila wiki 4, na matoleo ya dharura | Kupitia about:config |
| Safari | Kinga za kichakataji | Hasa pamoja na mfumo wa simu | Lockdown Mode |

Kasi ya kiraka

Hapa ndipo watu wengi huumia, na hapa tofauti ni kubwa kuliko kwenye kuta. Msimbo wa Chromium na wa Firefox uko wazi kwa umma. Marekebisho yakiingizwa humo, mvamizi anayasoma, anajua kosa liko wapi, na anaandika shambulio dhidi ya wote ambao hawajapata toleo jipya. Kabla ya Chrome 77 pengo kati ya marekebisho kuonekana hadharani na kumfikia mtumiaji lilikuwa wastani wa siku 35. Lilishuka hadi siku 15, na kuanzia Chrome 116 ya Agosti 2023 viraka vya usalama hutolewa kila wiki.

Ndugu wa Chromium hungoja msimbo ufike kwao kwanza. Edge hufuata haraka. Vivinjari vidogo vinaweza kuchelewa wiki nzima au zaidi, na kwa kipindi hicho chote tundu linajulikana duniani. Kabla ya kuchagua kivinjari cha aina hiyo, fungua ukurasa wake wa taarifa za toleo na utafute namba ya Chromium iliyomo. Namba ina sehemu nne, kwa mfano 116.0.5845.187, toleo lililoziba libwebp. Kama tatu za mwanzo zinalingana na ya nne iko chini ya 187, kiraka hakijaingia. Edge ina hesabu yake ya sehemu mbili za mwisho, hivyo usiilinganishe moja kwa moja na ya Chrome. Soma tangazo la Edge lenyewe.

Firefox hutoa toleo kubwa kila wiki 4 na matoleo madogo ya dharura katikati. Kwa CVE-2024-9680 ilitoa kiraka ndani ya saa 25 tangu kampuni ya usalama ya ESET ilipotoa taarifa. Toleo la ESR, lenye msaada wa muda mrefu na linalopendwa na ofisi, lilipata kiraka siku hiyohiyo (128.3.1 na 115.16.1). Kumbuka tu kwamba ESR hupewa viraka bila kuta mpya: anayebaki nayo anasubiri hadi ESR inayofuata ndipo apate kinga zilizoongezwa katikati.

Safari ya iPhone hufungamana na iOS. Kiraka cha kivinjari ni sasisho la simu nzima, linalotaka chaji, nafasi na kuwasha upya, na watu huliahirisha. Apple ilijaribu kupunguza tatizo hilo mwaka 2023 kwa viraka vidogo vya haraka. Kwenye Mac hali ni bora, kwani Safari hupatikana peke yake hata kwa macOS za miaka miwili iliyotangulia.

Kosa la kawaida kuliko yote ni hili: kiraka kimeshapakuliwa lakini kivinjari hakijafungwa kwa wiki tatu. Msimbo wa zamani ndio bado unafanya kazi kwenye kumbukumbu. Andika chrome://settings/help kwenye upau wa anwani, subiri ukaguzi umalizike, kisha bonyeza Zindua upya. Kwa Edge ni edge://settings/help. Kwa Firefox fungua menyu, nenda Help, kisha About Firefox. Vichupo vyako vitarudi. Madirisha ya faragha hayarudi, kwa hiyo maliza kazi iliyomo kwanza.

Kuzima JIT: hatua inayolipa

JIT hugeuza JavaScript kuwa msimbo wa mashine wakati ukurasa unaendelea kufanya kazi. Ili iwe na kasi hudhania: safu hii ina namba tupu, urefu wake haubadiliki, basi ukaguzi wa mipaka unaweza kuondolewa. Dhana moja ikiwa na kosa, mvamizi anasoma na kuandika nje ya safu. Timu ya Edge ilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 45 ya namba za CVE za V8, injini ya JavaScript ya Chrome na Edge, tangu 2019 zilihusu JIT.

Edge ndiyo inayorahisisha zaidi. Katika mipangilio ya faragha kuna hali ya usalama ulioimarishwa yenye ngazi mbili. Ya wastani huzima JIT kwenye tovuti usizozitembelea mara kwa mara na kuiacha kwenye ulizozizoea. Ya pili, kali, huizima kote. Tunapendekeza ya wastani kwa mtu yeyote, kwa sababu kurasa za mitego kwa kawaida ni zile ambazo hujawahi kuzifungua. JIT ikizimika, Edge huwasha pia kinga za Windows ambazo haziwezi kukaa pamoja nayo.

Kwenye Chrome swichi imo katika Mipangilio ya tovuti, chini ya mipangilio ya ziada ya maudhui, palipo na uboreshaji wa JavaScript wa V8. Unaweza kuizima kwa jumla na kuorodhesha tovuti chache unazoziruhusu. Firefox haina kitufe. Ingia about:config, weka javascript.options.ion na javascript.options.baselinejit kuwa false, na ukitaka ongeza javascript.options.wasm. Kuzima hiyo ya mwisho hakuharibu RLBox, kwa kuwa maktaba zake ziligeuzwa kuwa msimbo wa mashine kabla Firefox haijakufikia. Tor Browser hufanya yote haya kwa kuchagua ngazi ya Safer. Kwenye iPhone na Mac, Lockdown Mode, iliyokuja na iOS 16 mwaka 2022, huzima JIT pamoja na mambo mengine mengi, hata baadhi ya viambatisho vya ujumbe.

Utalipia kasi. Kurasa za kusoma na fomu hazionyeshi tofauti kubwa. Michezo, ramani nzito, uhariri wa picha mtandaoni na baadhi ya mikutano ya video vitakwama au kukataa kufunguka. Hizo ndizo za kuweka kwenye orodha ya ruhusa.

Uchague kipi

Kwa Windows inayopata masasisho, chaguo letu la kwanza ni Edge yenye usalama ulioimarishwa, kisha Chrome. Kinga ya vielekezi na kiraka cha kila wiki ndivyo vinavyoamua. Firefox si chaguo baya: inakubali kizuia matangazo cha uBlock Origin kikiwa kamili, ambacho Chrome iliacha kukikubali ilipohamia Manifest V3 (kanuni mpya za viendelezi), na kuzuia matangazo kunaziba njia moja ambayo kurasa za mitego hutumia. Mwenye Firefox anayezuia matangazo na kuianzisha upya kwa wakati yuko salama kuliko mwenye Chrome iliyofunguliwa tangu mwezi uliopita.

Windows 7 au 8.1: Chrome ilikomea toleo la 109 mwaka 2023, hivyo usiitumie kabisa. Firefox 115 ESR ndiyo ya mwisho kukubali mifumo hiyo. Hata hivyo, shambulio la 2024 lilitoka kizimbani kwa kutumia tundu la Windows yenyewe, CVE-2024-49039. Mfumo usiopata viraka unampa mvamizi hatua ya pili bure, hivyo ihesabu Firefox hiyo kuwa ya kuvushia siku tu wakati unabadilisha mfumo.

iPhone: kubadilisha Safari kwa Chrome au Firefox hakubadilishi kitu katika suala hili. Vyote hutumia WebKit, ingawa kuna mahali ambapo sheria iliilazimisha Apple kuruhusu injini nyingine, kama Umoja wa Ulaya tangu iOS 17.4 ya Machi 2024. Simu isiyopokea tena iOS mpya haina kivinjari salama cha kukimbilia.

Android ni kinyume chake: mfumo ukiwa wa zamani, Chrome na Firefox bado hupokea matoleo mapya kupitia Play Store mpaka zitakapopandisha kiwango cha chini cha Android. Kwenye simu yenye RAM ndogo punguza vichupo na usiingie benki kwa kivinjari kilekile unachofungulia viungo vya kutumiwa. Anayehofia kulengwa binafsi, kama mwandishi wa habari za uchunguzi, atafute simu yenye alama za kumbukumbu kwenye chuma, kuanzia Pixel 8, na awashe ulinzi wa hali ya juu wa Android 16, unaozima pia uboreshaji wa JavaScript ndani ya Chrome; au iPhone mpya yenye Lockdown Mode.

Kisha fungua Play Store, tafuta Android System WebView na uisasishe. Viungo vingi unavyofungua ndani ya programu za ujumbe na mitandao ya kijamii haviendi Chrome hata kidogo. Huonyeshwa na hiyo WebView, yenye injini ileile ya Chromium na matundu yaleyale. Kwenye kompyuta, programu za gumzo zilizojengwa kwa Electron (zana ya kutengeneza programu juu ya Chromium) hubeba nakala yao ya Chromium, na kiraka cha Chrome hakizigusi. Tundu la libwebp lilipozibwa kwenye vivinjari, programu hizo zilingoja kila moja matoleo yake.